Chuma cha mazoezi nilichonunua kwa akili ya kununulia maharage

Vijana, salaam. Na ninyi wakuu wenye mvi mnaojificha nyuma ya picha za wacheza mpira, salaam zenu pia.

Mimi ni bibi. Naishi Mbuya, Kampala, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu aliyekuwa mwanajeshi. Kiswahili changu nilikiokota kambini, kikiwakwaruza masikio vumilieni. Shule niliiacha mapema. Lakini kusoma nasoma, na kuandika ndiyo huku mnaona.

Haya nitakayosema yametokea mwilini mwangu mwenyewe. Mashahidi wapo, na mmoja wao bado ana alama kwenye ugoko.

Juzi mjukuu wangu Ayikoru alinionyesha humu kwenye simu kijana mmoja anauliza: "Wadau, bajeti yangu ni ndogo, ninunue barbell gani ya kufanyia mazoezi nyumbani?"

Nikasoma majibu yenu.

Mmoja kamwambia "tafuta hela kwanza." Mwingine kaweka picha ya kifua chake, kifua chenyewe kama mlango wa kabati. Mwingine anamuuliza kama ameoa. Hakuna hata mmoja aliyemjibu mtoto wa watu.

Basi nitamjibu mimi.

Barbell, kwa wasiojua wenzangu, ni ile fito ya chuma unayoishika kwa mikono miwili, na huku na huku unaivisha visahani vya uzito. Mimi naita chuma tu.

Mtauliza bibi ametokea wapi na mambo ya chuma. Tulieni.

Ilianzia kwenye sherehe kule Kansanga. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anatambulishwa. Kwa msioijua Uganda: siku hiyo watu wa bwana harusi wanakuja na zawadi, wanakaa upande mmoja wa hema, sisi upande mwingine, na kila upande una msemaji wake. Shangazi ndiye mwenye siku. Shangazi asipotoka kumpokea kijana, chukueni makreti yenu ya soda mrudi kwenu.

Shangazi ni mimi.

Nikatoka na gomesi yangu, lile vazi letu refu la heshima, mabega juu. Nikapiga magoti kwenye mkeka kuwasalimia wageni, kama inavyotakiwa. Nikasalimia. Wakaitikia. Nikasema yale ya kusema. Kisha nikataka kusimama.

Magoti yakakataa.

Si kwamba yaliuma. Yangeuma ningejua la kufanya. Yalinyamaza tu, kama mtu uliyemwita, amesikia, ila hana mpango wa kuja.

Sasa shida iko hapa. Shangazi asiposimama, wageni wanaelewa kitu kimoja tu: hajaridhika. Ndiyo desturi. Shangazi mkaidi hukaa chini mpaka apewe kitu cha kumwinua.

Msemaji wao akacheka, "Eee! Shangazi huyu si wa mchezo!"

Wakaleta kitenge. Nikabaki chini.

Wakaleta mfuko wa sukari. Nikabaki chini.

Wakaleta jogoo. Wanawake wa upande wetu wakapiga vigelegele, wengine wanapaza sauti nyuma yangu, "Kaza, shangazi! Kaza hapo hapo!"

Nikaze nini? Mimi nashindana na mapaja yangu, wao wanadhani nashindana na wakwe.

Bwana harusi alianza kutoka jasho. Nilimwonea huruma, kijana wa watu. Lakini ningesemaje? Ningesema "jamani sidai, nimekwama" mbele ya hema zima?

Walipofika kwenye mbuzi, mbuzi mwenyewe amesimamishwa pale ananitazama usoni, ndipo mwanangu mkubwa Candia akaelewa. Akaja na wanaume wengine, wakaniinua kama watu wanaohamisha sofa. Hema lote likapiga makofi.

Ukoo ule unaniogopa mpaka leo. Wakinisalimia wanaangalia kwanza kama nina mahali pa kukaa.

Lakini Candia hakucheka.

Candia anafanya kazi ofisini. Ana nyumba ya ghorofa huko Kira, na vigae vinavyong'aa mpaka unajiona ukitembea kichwa chini. Jumapili iliyofuata akaja na sauti ile ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, huwezi kuishi hapa tena. Siku moja utaanguka chini, Ayikoru yuko saluni anasuka watu, nani atakuinua? Utahamia kwangu. Hii nyumba tutaipangisha."

Vijana, mwanangu ananipenda. Sisemi ananitupa. Lakini nilishakaa kwake wiki moja. Nikigusa sufuria, msichana wa kazi ananinyang'anya polepole, "acha tu, Mama." Nikitoka uani, ananifuata na kiti. Hakuna wa kumgombeza, hakuna hata kuku. Kule sina nyumba, nina chumba cha mgeni. Mgeni asiyerudi kwao ni kitu kibaya sana.

Nikamwambia Candia hivi: "Siku nitakayopiga magoti mbele ya mgeni wa heshima, nikasimama bila mkono wa mtu, hutanitajia tena Kira. Nikishindwa, nitafunga mizigo yangu mwenyewe."

Akafikiri. Akasema, "Sawa. Mpaka mvua hizi ziishe."

Mvua zenyewe zilikuwa zimeshaanza.

Nikaenda Kibuli kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Binti mdogo, mpole, mikono ya baridi. Akanipinda mguu huu, akanipinda ule. Akaniita jaja, yaani bibi. Akasema, "Jaja, magoti yako si mabaya. Mapaja ndiyo yamelala. Unahitaji kunyanyua uzito. Chuma chepesi, uanze polepole."

Mimi nikasikia chuma tu.

Ayikoru akataka anipeleke jimu. Tukaenda kuchungulia moja hapo Kansanga. Muziki unapigwa kama baa, na kila ukuta ni kioo. Nikamwona kijana ananyanyua chuma kikubwa, anaguna, mishipa imemtoka, halafu anakirudisha pale pale alipokitoa.

Nikamuuliza Ayikoru, "Huyu anakipeleka wapi?"

"Hakipeleki popote, jaja. Ni mazoezi."

"Na analipa?"

"Kila mwezi."

Tukaondoka. Kijijini kwetu Arua nilibeba kuni, lakini kuni zilifika nyumbani.

Nikaamua nitanunua changu, kikae kwangu. Na hapa, wewe kijana wa bajeti ndogo, ndipo nataka ufungue macho. Makosa yangu usiyarudie, tafuta ya kwako.

Kuna Mkongomani pale Kansanga anauza vyombo vya mazoezi vilivyotumika. Anaitwa Papa Bahati. Anavaa suti kila siku, hata akiwa na grisi mpaka kwenye kiwiko. Kibandani kwake kulikuwa na vyuma viwili.

Kimoja kifupi, hakizidi urefu wangu, na visahani vidogo vyake. Kingine kirefu, kinene, kinang'aa, kimeegemezwa ukutani kama mlinzi.

Nikauliza bei. Bei moja. Bei ya mbuzi wa wastani.

Nikaelekeza kidole kwenye kile kirefu. Papa Bahati akaweka mkono kifuani. "Maman, hapana. Ile iko ya bale ba mashindano. Yenyewe tu, bila kuivalisha kitu, iko kilo makumi mbili. Twaa ile fupi."

Hebu niulizeni mimi. Miaka yote nimeuza maharage sokoni. Mtu anakupa kilo nyingi na kilo chache kwa bei moja, mwenye akili anachukua zipi?

Nikaona Mkongomani ana mteja wake pembeni anayemfichia mali nzuri.

"Nipe kile kirefu," nikasema.

"Maman, utanirudilia na kilio."

"Nikurudilie kwa sababu umenipa nyingi?"

Akainua mikono juu, akaniachia. Nikatoka pale nimeshinda. Nilitaka hata kuimba.

Boda niliyempata alikiweka kwa upande, kikatoka kulia na kushoto kama mabawa. Tulipokuwa tunapanda Mbuya magari yote yalikuwa nyuma yetu, hakuna anayethubutu kupita. Nilijiona waziri.

Askari mmoja wa doria akatusimamisha.

"Mama, hilo bomba la wapi?"

"Si bomba. La mazoezi."

"Mazoezi ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka ndala. Akarudi nyuma hatua moja. "Pita, afande."

Nyumbani ndipo chuma kilipoanza kunijibu.

Nyumba yangu ina sebule, kijia, halafu vyumba. Chuma kiliingia mlangoni vizuri, kikafika kwenye kijia, kikagoma kukata kona. Mimi na Ayikoru tukakirudisha. Tukajaribu kukisimamisha, kikagusa dari. Mwisho tukakipitisha kwenye dirisha la chumba changu. Kikaingia, lakini si chote. Kipande kikabaki nje kinachungulia uani kwa jirani yangu Mama Sifa.

Asubuhi nilikuta ameanika juu yake sare za shule za wanawe.

Humu ndani nikakiinamia. Nikakishika katikati, nikavuta. Chuma hakikusogea. Mgongoni ndiko kitu kilisogea.

"Jaja, acha!" Ayikoru akapiga kelele. "Yule dada alisema chepesi!"

"Hakusema."

"Alisema, nilikuwepo!"

Tukajaribu wote wawili, yeye upande huu, mimi ule. Kikainuka. Lakini mazoezi gani hayo? Tulionekana kama watu wanaobeba jeneza lisilo na mtu.

Kwa hiyo, kijana, sikia. Chuma cha mazoezi si maharage. Uzito wa chuma chenyewe, kitupu, ndio wa kwanza kuuliza. Na kabla hujatoka nyumbani, pima chumba chako. Nyoosha mikono, zunguka. Ukigonga kabati, chuma nacho kitagonga.

Subirini kidogo, kuna kitu jikoni kinanuka.

Nimerudi. Yalikuwa maharage.

Basi chuma kikalala pale dirishani. Mvua zinaendelea kunyesha, na mimi bado nikiketi chini naita mtu. Candia akaja siku ya kazi, si Jumapili, na hakuja peke yake. Alikuja na dalali. Kijana mwembamba wa viatu vyenye ncha.

"Mama, anaangalia tu," Candia akasema. "Kuangalia si kupangisha."

Nilikuwa nimeketi kitandani.

Dalali akaingia hata chumbani kwangu. Anatembea kinyumenyume, macho darini, anasema, "Kale, sawa, hapa tukipaka rangi nyeupe, jaja, hapa tukiondoa hii, hapa..."

Ugoko wake ukakutana na chuma.

Ule mlio, wakuu. "Maama! Wowe! Maama nze!" Akaruka kwa mguu mmoja mpaka sebuleni. "Jaja, hiki ni nini?"

Nikamwambia, "Huyo ndiye mpangaji. Ameshaingia."

Candia akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Nilijua anacheka. Lakini alipoondoka alimpa dalali ufunguo wake wa akiba wa nyumba yangu, akaniambia mlangoni, kwa upole ule unaouma, "Mama, mvua zitaisha."

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mgongo.

Ayikoru akapata wazo kwenye video. Kuna watu wanatengeneza chuma cha mazoezi wenyewe: bomba la maji, makopo mawili, simenti. Unachomeka bomba kwenye kopo, unamwaga simenti, unasubiri ikauke, unageuza upande wa pili. Rahisi. Karibu bure.

Tukafanya. Kopo moja lilikuwa la rangi, jingine la mafuta ya kula. Kwa macho yalilingana.

Simenti ilipokauka nikakinyanyua kwa furaha. Upande wa kopo la rangi ukashuka, upande wa mafuta ukapanda, na mimi nikageuka kama mlango unaosukumwa na upepo. Nikakishusha. Nikakinyanyua tena, safari hii nimeshikilia karibu na rangi. Hapo bomba lenyewe likaanza kupinda kama tabasamu.

Siku ya tatu kopo la mafuta likachomoka. Likaangukia sufuria ya posho, yaani ugali. Sufuria ikawa bakuli.

Sikatazi simenti. Nimeona vijana Kampala hii wana vifua vizuri vilivyojengwa na simenti. Ila tafuteni makopo ya aina moja, yajazeni sawasawa, na bomba liwe nene. Na lifanyieni kazi nje, mbali na chakula.

Nikameza mate machungu, nikarudi kwa Papa Bahati. Chuma kirefu kikarudi na boda ile ile, na safari hii sikujiona waziri.

Aliponiona tu akafungua vifungo vya koti. "Maman! Kilio kiko wapi?"

"Kilio nimekiacha nyumbani. Nipe kile kifupi."

"Ile fupi?" Akajikuna shingo. "Ile fupi sasa ina watu wengi benye kuitaka."

"Niitie mmoja nimwone."

Akatazama barabarani kama anatafuta. Hakuna hata mbwa. Akacheka, mimi sikucheka, akakitoa.

Safari hii sikufanya haraka. Ayikoru alikuwa ameshanisomea mambo kwenye simu na mimi mwenyewe nimeadhibiwa.

Kwanza nikakibeba. Pale pale kibandani, kitupu, mbele ya wapita njia. Nikakinyanyua mpaka kifuani na kukishusha bila kuona nyota. Vizuri.

Pili, kibandani kwake ni mavumbi, basi nikakipeleka kwenye baraza ya duka la dawa la jirani, yenye sakafu laini. Nikakiviringisha. Chuma kilichonyooka kinaviringika kimya, kilichopinda kinacheza dansi. Hiki kilikwenda kimya mpaka kwenye miguu ya mwenye duka. Akauliza kama nataka panadol.

Nikapapasa pale pa kushikia. Kuwe na mkwaruzo kidogo, kisiteleze mkono ukitoka jasho, lakini kisiwe kama kikwaruzio cha nazi.

Halafu visahani. Mjanja huyu alikuwa amevibadilisha! Vile vidogo vya awali hakuna, ameweka vingine vyenye matundu makubwa, vya kile chuma kinene. Nikavivisha, vikaning'inia, vinagonga ko ko ko kama kengele za mbuzi.

"Hivi ni nini?"

"Ile ni faida, Maman. Vinaingia mbio."

"Na vitatoka mbio, kwenye kidole changu cha mguu. Lete vyenyewe."

Akavileta kutoka chini ya meza. Vikaingia kama kofia kichwani. Nikadai na vile vibanio vya pembeni vinavyozuia visahani visichomoke, nikavikaza, nikavitikisa. Havikucheza.

Alichukua kile kirefu, akanipa kifupi, na juu yake nikamwongezea maharage. Alijaribu kulalamika kwamba maharage si bei. Nikamwambia mkewe ataelewa.

Sasa mazoezi. Sitawadanganya kwamba nilikuwa simba.

Siku za mwanzo nilikishika chuma kitupu kifuani, naketi kwenye stuli na kusimama. Kuketi kwa adabu, si kujitupa kama gunia. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Ayikoru alikuwa ananihesabia, na nikagundua anaruka namba ili awahi saluni. Nikamfanya aanze tena kutoka moja.

Mama Sifa alikuja kulalamika kwamba nimemchukulia kamba yake ya kuanikia. Nikamshikisha chuma kifupi ajaribu. Aliketi kwenye stuli vizuri sana. Kusimama ndiko tulimsaidia.

Baadaye nikavisha visahani vidogo. Baadaye stuli ikawa fupi. Baadaye nikaanza mkeka wenyewe: goti moja chini, juu, jingine chini, juu. Kuna siku nilikwama. Nikakaa pale chini peke yangu, Ayikoru hayupo, mvua inapiga bati, nikajiona nimeshafika Kira. Nililia kidogo, siwafichi. Halafu nikakishika chuma kama fimbo, nikasimama kwa kuegemea, nikajilaumu kwamba hiyo haihesabiki.

Kesho yake nikarudia bila kuegemea.

Mvua zikaisha.

Candia akanipigia simu kwamba Jumapili anakuja na mgeni. Hakusema nani. Nikafagia, nikapika, nikavaa gomesi.

Gari likasimama, na nikaona mtoto wangu ana akili kuliko nilivyodhani. Alikuwa amemleta baba wa mke wake. Mzee mnene wa heshima, kanzu, koti, fimbo. Yule dalali naye alikuwa nyuma yao, anatembea akitazama sakafu.

Kwetu, na kwa Waganda pia, mwanamke hamsalimii mkwe akiwa amesimama. Na mkwe akikuomba kitu nyumbani kwako, kumkatalia ni aibu ya ukoo. Candia alijua kabisa. Alimleta mzee aniombe nihamie Kira.

Mzee akaketishwa kwenye kochi langu, lile la sponji iliyochoka. Akazama.

Mimi nikatandika mkeka.

"Mama, usipige magoti," Candia akasema haraka. "Mzee ameshasamehe. Baba, si umesamehe?"

"Nimesamehe, nimesamehe," mzee akasema.

"Mimi sijaomba msamaha," nikasema. Nikapiga magoti.

Nikamsalimia. Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za kikohozi chake. Kwetu salamu haikatwi. Naye akaniuliza zote. Ayikoru amesimama mlangoni anauma kucha. Candia ameshainuka nusu, mikono mbele, kama golikipa.

Salamu zikaisha.

Nikaweka mguu mmoja mbele. Goti likalia, kaa! Dalali akashtuka. Mapaja yakatetemeka, nikayaambia kimoyomoyo maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Candia akanyoosha mkono. Nikamtazama. Akaurudisha.

Nikasimama.

Nikasimama, nikanyoosha gomesi, nikamwambia mzee, "Karibu sana. Sasa sema lililokuleta."

Mzee akamtazama Candia. Nadhani alitaka kusimama ili aseme kwa heshima, maana aliweka fimbo chini, akaegemea mbele.

Hakutoka.

Akajaribu tena. Kochi likamvuta. Candia akamkamata kwapa hili, dalali kwapa lile, wakavuta, wakampata nusu, akarudi. Mimi singeweza kumgusa, ni mkwe. Ayikoru alikimbilia jikoni, nikasikia anacheka ndani ya sufuria.

Walipomsimamisha, kofia imekaa upande, mzee alihema kwanza. Kisha akamwambia Candia, taratibu, mbele yetu wote:

"Mwanangu, umenitoa Mukono kuja kumhamisha mtu anayesimama mwenyewe. Mimi nisiyesimama, mbona ninalala kwangu?"

Mzee akanigeukia, akasahau kabisa lililomleta. "Mama Candia, kile chuma kule pembeni, ulikipata wapi?"

Nikamwelekeza kwa Papa Bahati. Nikamwonya asichukue kirefu.

Basi, kijana wa bajeti ndogo, umenisikia. Pima chumba. Uliza uzito wa chuma kikiwa kitupu, na ukinyanyue pale pale dukani hata wakikucheka. Kiviringishe. Visha visahani kabla ya kulipa. Usinunue kifua cha mtu uliyemwona kwenye picha, nunua mwili wako ulivyo leo, mwingine utakuja. Na kila ununuapo jiulize: nataka hiki kinisaidie kufanya nini? Mimi nilitaka kusimama tu. Kusimama hakuhitaji chuma cha mashindano.

Wenye vyuma majumbani, njooni mseme vyenu mlivipataje na vimewafanya nini. Wenye maswali ulizeni, nitajibu nikimaliza kazi zangu. Wa picha za vifua, vaeni mashati kwanza.

Siku ile, mzee alipokwisha kuketishwa kwenye kiti cha mbao na birika kuletwa, wote walikuwa wameshanyoosha mikono kungoja vikombe. Niliwaambia hivi:

"Anayetaka chai asimame akachukue kikombe mwenyewe, isipokuwa mgeni. Ayikoru, hilo kochi litoke nje leo. Na wewe Candia, kabla hujameza chochote, weka mezani ufunguo wa nyumba yangu uliompa dalali."